Safu mbili za daftari: kisa cha mpagazi wa mlimani na maumivu "yaliyomdharau"

Kisa hiki nawaandikia wenzangu wa fiziotherapia na manesi, na pia mtu yeyote mwenye ndugu ndani ya nyumba anayeumwa mwezi wa sita sasa na watu wameshaanza kuchoka kumwambia pole. Mhusika mwenyewe karidhia. Nilimsomea yote kwa simu kabla sijaweka, kuna sehemu alicheka na kuna sehemu aliniambia "hapo dokta toa", nikatoa. Umri, kijiji, kampuni na baadhi ya miezi nimebadilisha au nimeacha kabisa. Humu tutamwita Mgumu, maana wapagazi wa Kilimanjaro ndo wanavyoitana wenyewe kwa wenyewe, wagumu, na hilo jina lina kazi yake kwenye kisa.

Mgumu ni nani

Ni mwanaume wa miaka thelathini na kitu, watoto wawili, anakaa kwenye kihamba cha familia huko migombani juu ya Moshi mjini, nyumba yake upande mmoja, ya kaka yake mkubwa upande wa pili, mama yao mzee katikati. Mlima kaupanda zaidi ya misimu kumi. Kwa wasioijua hiyo kazi: unafika getini asubuhi, mzigo unapimwa, kikomo kilo 20 na hapo hujahesabu nguo zako na blanketi, unajitwisha unatembea siku tano, sita, saba kutegemea na njia, tena inabidi umpite mgeni njiani ili akifika akute hema limeshasimama. Hela ya siku sio ya kutajirika, watu wanasubiri tipu. Na ukiumwa ukakaa nyumbani hakuna anayekulipa, wengi wanachukuliwa safari kwa safari, leo jina limo kwenye listi, kesho halimo.

Alafu kule kuna sheria ambayo haijaandikwa popote, kwamba mgumu halalamiki. Ukisema mgongo unauma unaambiwa "shuka ukapalilie mchicha". Ni utani, watu wanacheka na wewe unacheka, ila safari ijayo simu haiiti.

Ilivyoanza

Mwezi wa tisa, msimu umechanganya, wanashuka njia ya Mweka na usiku mvua ilikuwa imenyesha. Ile njia ikilowa ni utelezi mtupu. Akateleza na mzigo akakaa chini pwaa, kama gunia la mahindi. Akainuka, akajipangusa, akashuka na mzigo wake mpaka getini, akapokea tipu, akapanda gari na wenzake akaimba nao njia nzima. Hilo la kuimba naomba mlikumbuke, baadaye lilikuja kuwa ushahidi dhidi yake. Kesho yake asubuhi kugeuka kitandani hawezi.

Zahanati wakamchoma sindano ya diklofenaki, dawa ya maumivu, baada ya siku tatu akapata nafuu. Wiki ya tatu simu ikaita, kuna kundi la njia ya Machame, akaenda (na wewe ungeenda, ada ya shule ilikuwa inadaiwa). Hakuimaliza hata siku ya kwanza. Mgongo ulikaza kabla ya kambi, wenzake wakagawana mzigo wake, akarudishwa chini. Baada ya hapo kampuni hawakumtafuta tena.

Kilichofuata wengi mnakijua. Sindano kila wiki, nyingine za dispensari nyingine za duka la dawa bila hata cheti, mpaka tumbo likaanza kuwaka moto. Kuchuliwa na mzee mmoja mwenye mafuta yake. Maombi. Eksirei. Mwisho wakauza ng'ombe mmoja kati ya wawili ili apigwe MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili (aliyebaki tutamkuta mbele), na majibu akasomewa kwa dakika kama tatu hivi: diski (zile pedi laini kati ya pingili za mgongo) zimechakaa, una mgongo wa mzee wa miaka sabini, usiiname, usibebe kitu, vaa mkanda.

Hapa niseme kitu. Mwaka 2015 ulitoka uchambuzi uliokusanya picha za migongo ya watu ambao hawaumwi kabisa. Kwenye watu wa miaka 20, asilimia 37 diski zao zilikuwa zimeshachakaa. Kwenye miaka 80, asilimia 96. Yaani kuchakaa kwa diski ni kama mvi tu, unaweza kuwa nazo na usiumwe popote. Ile picha haikudanganya, ila sentensi ya "mgongo wa mzee wa miaka sabini" ilimuingia kuliko sindano yoyote aliyochomwa. Na yeye ni mtu wa kufuata maelekezo, mlimani ukikaidi maelekezo unakufa. Miezi minne hakuinama. Mke alimfunga kamba za viatu, mke alichota maji, mke alikata majani ya ng'ombe.

Alivyofika kwetu, na nilivyomharibia

Alikuja mwezi wa sita tangu aanguke. Nikampima vizuri tu, hilo sijutii: miguu kufa ganzi, mkojo, homa, jasho la usiku, kupungua uzito, maana huku kwetu mgongo ukiuma muda mrefu lazima ufikirie pia kifua kikuu cha uti wa mgongo. Vipimo vya damu alikuwa navyo. Dalili ya hatari hakuna hata moja. Mi nikafurahi, nikamwambia kwa tabasamu kubwa, "Kaka habari njema, sioni kitu kikubwa hapa."

Akaniangalia, akasema asante dokta, akachukua karatasi ya mazoezi, akaondoka. Hakurudi.

Wiki ya tatu akaja mke wake, peke yake.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba shemeji. Mgonjwa yuko wapi?"

"Si ulimwambia hana kitu. Anasema hawezi kurudi kwa mtu aliyemuona muongo. Saivi hata kula anakula kidogo, anaangalia ukuta tu."

Nilitaka kujitetea, nikanyamaza. Kwa masikio ya mtu aliyeuza ng'ombe, aliyefukuzwa mlimani, anayeangaliwa na kaka yake kwa jicho la pembeni, "sioni kitu" ina maana moja tu. Mwenye macho ya kitaalamu kaangalia na hajaona, kwahiyo mgonjwa anatunga.

Kuanza upya chini ya mgomba

Jumamosi yake nikapanda Hiace nikaenda nyumbani kwake. Sio utaratibu wetu na sisemi kila mtu afanye, niliona tu nina deni. Nikamkuta kakaa kwenye kigoda na mkanda wake kiunoni juu ya shati. Nikaomba radhi mbele ya mke na mama yake. Alafu nikamuuliza lile swali la kawaida, kutoka sifuri mpaka kumi yanauma kiasi gani, akasema nane. Nilipompima mara ya kwanza alisema nane. Zahanati waliandika nane. Ile namba ilikuwa imeshakuwa kama namba ya simu, anaitaja bila kufikiria.

Nikauliza tofauti: "Yanakufanyaje?"

Akakaa kimya muda mrefu, kuku wakapita, alafu akasema, "Yananidharau."

Nikamwambia endelea. Akasema mtoto akidondosha kijiko, yeye akitaka kuinama, maumivu yanamwambia we nani, kaa chini. Akasema jirani alifiwa, wanaume wote wa huo mtaa walienda kuchimba kaburi, yeye akampa mke elfu tano ya rambirambi akajifungia ndani watu wasimuone wanavyopita na majembe, kwasababu mtu akikuona umesimama, una misuli, unaongea, atajuaje kwamba unaumwa? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Akasema alishatoka kwenye grupu la wagumu kwenye WhatsApp, picha za watu kileleni zilikuwa zinamchoma kuliko mgongo.

Nikiwa kwenye gari narudi nikawaza kwamba Kiswahili chetu hili jambo kilishalijua siku nyingi. Uchungu ni wa kujifungua na uchungu ni wa kufiwa, neno ni hilo hilo. Jino linauma na maneno ya mtu yanauma. Pole anapewa aliyeungua, aliyefiwa na aliyetoka kazini. Sisi tuliosomea ndo tunatenganisha, huku mwili, kule roho, alafu tunamtuma mgonjwa akapange foleni mbili. Hata chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, kwenye maana waliyoiweka 1979 na kuirekebisha 2020, wanasema maumivu ni hali mbaya inayohisiwa mwilini NA kihisia kwa pamoja, na wakaongeza kwamba mtu akisema anaumwa, kauli yake iheshimiwe. Nilishaisoma hiyo darasani na nilishaijibia mtihani.

Basi tukanunua daftari la shule, kurasa 48, tukalichora safu mbili. Safu ya kwanza akaandika KUUMA. Ya pili nilitaka tuandike "usumbufu", akakataa, akaandika DHARAU. Kila jioni namba mbili.

Wazo la safu mbili sio langu. Melzack na Casey mwaka 1968 walishasema maumivu yana upande wa kuhisi (wapi, kwa ukali gani), upande wa kukera na kutaka kuyakimbia, na upande wa jinsi mtu anavyoyatafsiri. Na 1997 watafiti wa Montreal waliwaweka watu mikono kwenye maji ya moto yanayouma huku wakitumia hipnosisi (kumtuliza mtu mpaka akili yake ifuate maelekezo anayopewa), wakaweza kupandisha na kushusha ule ukero bila ukali wa maumivu wenyewe kubadilika, na sehemu ya ubongo iliyofuata ukero ilionekana kwenye picha. Kwahiyo ni vitu viwili vinavyotembea pamoja lakini kila kimoja kina miguu yake.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza, maelezo. Nilimwambia nyama na mishipa iliyoumia kwenye anguko kama lile kwa kawaida inapona ndani ya wiki 6 mpaka 12, maumivu yakivuka miezi mitatu tunayaita sugu, na hapo mara nyingi tatizo linakuwa limehamia kwenye mfumo wenyewe wa ulinzi, unatoa taarifa za hatari hata pale ambapo hatari ni ndogo. Nikaanza na mfano wa waya za umeme, nikaona haelewi. Mwenyewe akasema, "Yaani kama yule mbwa wa hapo chini, waliibiwa mara moja saivi anambwekea mpaka mtoto wa nyumbani." Ndo hivyo. Mbwa hadanganyi na hajachanganyikiwa, kaogopa. Na mbwa wa hivyo humpigi wala humfungii ndani, unampitishia watu taratibu mpaka azoee.

La pili, mkanda na sindano. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, mikanda ni kati ya vitu walivyosema tusitumie kama kawaida. Ila nilijua nikimvua siku moja namvua na ujasiri, mkanda ndo cheti chake pekee cha ugonjwa, bila huo watu wanaona mtu mzima anayekaa bure. Tukapunguza saa moja kila siku mbili tatu. Sindano nazo daktari akamsimamisha kwasababu ya tumbo na figo, hiyo ilichukua muda kuliko nilivyotegemea, alirudi duka la dawa mara mbili na akaniambia mwenyewe.

La tatu ndo gumu: kiasi cha kazi kifuate saa, kisifuate maumivu. Mgumu alikuwa na tabia ambayo nimeiona kwa wanaume wengi huku, siku mgongo ukipoa analipiza, anafyeka migomba yote aonekane mtu, alafu siku tatu yuko kitandani, na kitandani anahesabu hasara. Kujikaza kulimsaidia miaka kumi mlimani, huku chini ndo kulikuwa kunammaliza. Tukaanza dakika nane za kutembea, siku nzuri dakika nane, siku mbaya dakika nane, wiki ijayo kumi. Ndoo ya lita tatu, alafu tano, alafu kumi. Kuinama kuokota kijiko kwa makusudi, mara tano asubuhi. Siku ya kwanza ya kijiko alitoka jasho kama yuko kwenye Barranco, ule ukuta wa mawe wa kupanda kule mlimani, na mtoto akawa anamhesabia.

La nne, mke. Yeye alikuwa anamnyang'anya kila kitu mkononi kwa huruma, na huku amechoka mpaka amekonda na hakuna anayemwambia pole. Tulikubaliana amwachie kazi tatu: kufunga viatu, kumuogesha mtoto mdogo, na kumpelekea ng'ombe maji. Alilia tulipokuwa tunaongea hilo. Sikuuliza kwanini, nadhani nilijua.

Kuna na la tano ambalo lilikufa hapo hapo. Nilimwandikia rufaa kwa mnasihi. Juu ya karatasi pamepigwa muhuri wa idara ya afya ya akili. Akaisoma, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni: "Kwani mimi kichaa, dokta?"

Ng'ombe

Wiki ya tano. Dharau ilikuwa imeshuka kutoka tisa mpaka sita, kuuma bado saba na nusu. Asubuhi moja yule ng'ombe aliyebaki akakata kamba, akatoka bandani, akashuka kwenye kahawa ya jirani akielekea barabara ya Hiace. Mgumu alikuwa anakunywa chai. Wanasema aliruka mfereji wa maji, akakimbia kama hatua mia mbili, akamkamata pembe na kamba, akamzungusha, akamvuta mlima mpaka bandani, watu wanashangilia. Mkanda uliachwa kwenye kiti. Mgongo ulianza kumuuma alipokaa tena kumalizia chai, na kesho yake hakuamka.

Sasa kaka mkubwa naye alikuwa kwenye hao walioshuhudia. Tumtendee haki huyu mzee, miezi minane alikuwa analipa ada za watoto ambao sio wake na hajawahi kusema neno baya hadharani. Ila siku hiyo alisema. "Kumbe unaweza." Na ile ya kuimba kwenye gari ikatolewa kabatini.

Wakaja wote kliniki, kaka, mke, Mgumu mwenyewe anatembea kwa kujipinda. Na mimi nikafanya kosa la pili. Nilishaona lile tukio ni zawadi, nikasema kwa sauti, "Unaona! Mgongo unaweza kabisa!" Kaka akapiga paja lake, "Si nilisema!" Mgumu akageuka akaniangalia mimi, sio kaka yake. Usiku ule kwenye daftari aliandika kuuma 6, dharau 10. Angalieni hizo namba tena. Maumivu yenyewe yalikuwa yameshaanza kushuka baada ya mshtuko wa ng'ombe, ila dharau haijawahi kufika kumi kabla wala baada. Wiki iliyofuata ndo kuuma nako kukapanda mpaka tisa, bila kubeba kitu chochote.

Kikao cha pili

Niliwaita tena baada ya siku nne, safari hii nikajiandaa. Niliwasimulia habari ya Beecher, daktari Mmarekani aliyehudumia wanajeshi waliojeruhiwa vibaya Italia kwenye Vita vya Pili, akaandika mwaka 1946 kwamba takriban robo tatu ya majeruhi aliowauliza hawakutaka dawa ya maumivu. Watu wana matumbo yaliyopasuka, mifupa nje, wanasema sihitaji. Maelezo yake yalikuwa kwamba kwa mwanajeshi lile jeraha lilikuwa na maana ya kutoka vitani akiwa hai. Hawakuwa wanaigiza ushujaa, na raia mwenye jeraha dogo zaidi anayelilia dawa haigizi pia. Ubongo unapima kwanza kipi ni muhimu saa hiyo.

Kaka mkubwa alisikiliza akiwa amekunja mikono. Vita vya Italia havikumgusa, nilimuona. Alafu akaanza kukunja suruali taratibu akaonyesha kovu kwenye ugoko. Miaka ya nyuma alimkimbiza mwizi wa ndizi usiku, akapitiwa na panga, akaendelea kumkimbiza mpaka mtoni, na alijua amekatwa pale gambuti lilipoanza kujaa kitu cha moto akamulika tochi. "Hapo ndo nililia kama mtoto," akasema.

Mke wa Mgumu akasema polepole, "Kwahiyo shemeji, kabla ya tochi ulikuwa unaigiza?"

Kimya. Alafu kaka akacheka, na sio kicheko cha kushindwa. Nafikiri kazi kubwa ya matibabu haya yote ilifanywa na hiyo sentensi ya shemeji mtu, mi nilikuwepo tu. Nilichoongeza mimi ni hiki, nikimwangalia Mgumu: kuweza na kuumwa havigombani, siku ya ng'ombe uliweza NA uliumwa, vyote viwili kweli. Akaniambia nimuandikie kwenye jalada la daftari. Nikaandika.

Matokeo

Miezi tisa tangu tuanze upya. Kuuma kunacheza kati ya tano na sita, siku nyingine tatu. Dharau ni mbili au tatu. Mkanda ulikuja kufungia mzigo wa majani. Miezi mitano sasa hajachoma sindano. Kuna mazishi mengine yalitokea na alienda, hakuchimba, alishika tochi na kugawa maji, akarudi nyumbani akaandika dharau 1.

Kazi ilirudi kwa mlango wa nyuma. Rafiki yake aliyeacha mlima miaka mingi kwa mgongo huo huo alimchukua kwenye biashara ya majaketi ya baridi ya mitumba, wananunua sokoni Kiboriloni, wanafua, wanashona zipu, wanakodisha kwa wanaopanda. Alafu akapata safari moja ya njia ya Marangu na mzigo wa kilo 14, njia ambayo wageni wanalala kwenye vibanda kwahiyo mahema ya wageni hayabebwi, Mandara mita 2,720, Horombo 3,720. Akaenda akarudi. Safari ya pili mzigo uliongezwa baada ya kupita geti, mnajua mambo hayo, akarudi akiwa amekaza kabisa. Siku hiyo daftari linasema kuuma 8, dharau 4. Nane ile ile aliyokuja nayo siku ya kwanza. Ila safari hii hakwenda duka la dawa, alitoa karatasi yetu ya siku mbaya, ile tuliyoandika afanye nini maumivu yakipanda, akatembea nusu ya kawaida yake, akalala kwa saa za kawaida, akamuogesha mtoto akiwa amepiga magoti. Siku tisa yakashuka.

Kanisani bado anakaa benchi la nyuma ili aweze kusimama bila watu kugeuka. Hilo halijabadilika na yeye anasema halimsumbui. Simwamini sana.

Kilichofanya kazi na kilichogoma

Safu ya pili ilisogea kwanza, ya kwanza ikafuata kwa kuchelewa na haikufika mbali. Kama tungepima kuuma peke yake, wiki ya tano ningesema matibabu yameshindwa, nane imekuwa saba na nusu, funga faili. Kwa wenzangu: ulizeni maswali mawili, na la pili mgonjwa alipe jina mwenyewe. Nimejaribu safu mbili kwa wengine baada yake, mama mmoja wa magoti aliandika "upweke", dereva mmoja akaandika "hasira". Mmoja alikataa kabisa akasema yeye anaumwa tu, na yeye pia ana haki.

Kilichofanya kazi pia ni kuzoesha kwa saa badala ya kwa maumivu, na kumtoa mke kwenye unesi wa saa ishirini na nne. Na yule rafiki wa majaketi, ambaye hana cheti chochote, alifanya ambacho mnasihi wangu wa kwenye karatasi hakupata nafasi ya kufanya: alikuwa mgumu aliyeumia na bado watu wanamuita mgumu. Ningemtafuta mtu kama huyo tangu wiki ya kwanza. Rufaa ya unasihi nayo ningeipeleka mimi mwenyewe kwa miguu, nikamtambulisha mtu kwa mtu, bila ule muhuri.

Makosa yangu mawili yanafanana na yote niliyafanya nikiwa nimefurahi. "Sioni kitu" na "mgongo unaweza" zote ni kweli kitaalamu. Nilizisema kabla sijajua nani mwingine yuko chumbani, na mara ya kwanza aliyekuwepo ni aibu, hana kiti lakini anasikia kila neno.

Kitu kingine ambacho hatukukigusa mapema ni hela. Hakuna aliyeuliza anadaiwa kiasi gani mpaka mwezi wa tatu wa matibabu. Inawezekana kabisa kwamba dharau ilishushwa zaidi na shilingi za majaketi kuliko na kijiko changu, na inawezekana mgongo ungepoa wenyewe kidogo kwa muda, migongo mingi inafanya hivyo. Mgonjwa mmoja hawezi kutuambia. Tarehe zinaonyesha dharau ilianza kushuka kabla ya majaketi, na hapo ndo naishia.

Kwa sasa tuna ubishi. Msimu wa mwezi wa sita unakuja na anataka kurudi Machame, mzigo kamili, kilo 20. Mi nimemwambia asubiri mpaka mwishoni mwa mwaka, tupandishe kutoka 14 kidogo kidogo. Kaka yake yuko upande wangu, mke hasemi. Juzi nimempigia kumsomea andiko hili, tulipomaliza nikamuuliza ameamua nini. Akasema, "Dokta, jina nimeshaandikisha."

Nimemwambia aende na daftari.